Kabla Jaji Hajaigeuza Sweta Yako

Mara ya kwanza nilipopeleka kazi yangu kwenye mashindano ya ufumaji, nilisimama nyuma ya kamba nikiwatazama majaji. Sweta yangu ya kijivu ilikuwa imenila miezi minne. Ilipofika mezani, jaji hakujishughulisha na kifua, pale nilipoipanga misokoto yangu yote sita, ile nakshi ya vitanzi vinavyopishana kama kamba. Aliigeuza ndani nje. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavu, kutoka kwapani hadi chini, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akaingiza mikono miwili shingoni, akavuta. Shingo haikutanuka. Akaandika maneno machache kwenye kadi, akahamia kazi ya jirani yangu.

Kadi ilisema: “Misokoto mizuri. Shingo imebana. Ncha za uzi zinaonekana.” Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo kazi yoyote ninayotaka kuishindanisha naanza kuikagua kwa ndani.

Kwanza chagua. Mwaga kazi zako zote kitandani mchana, karibu na dirisha, maana taa ya usiku inaficha mengi. Usianze na ile unayoipenda. Anza kwa kuondoa zilizokwisha kuvaliwa: viwiko vimetoa vipele vya uzi, ukingo wa kiuno umelegea, na hakuna dawa ya kurudisha upya wake. Kisha ondoa zile ambazo ukiulizwa “hapa ulifanya nini?” utaanza kutafuta maneno. Zitakazobaki ni chache. Mimi hubaki na tatu au nne kwa mwaka, na mwaka mmoja nilibaki na kofia peke yake.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ndiyo itakayoshinda. Ugumu una alama zake, sikatai, lakini kosa lililo kwenye kazi ngumu bado ni kosa. Upande wa pili, usidhani kazi rahisi ni salama. Hakuna kinachomwanika mfumaji kama sweta isiyo na nakshi yoyote. Wengi wetu mstari wa kurudi nyuma tunaufuma kwa mkono uliolegea kuliko wa kwenda mbele, na kitambaa kikilala bapa utaona vijifereji vinavyokikata kutoka ubavu hadi ubavu. Misokoto na nakshi za matundu huficha udhaifu huo. Kama mkono wako una tabia hiyo, ama jaribu sindano ndogo kidogo kwenye mistari ya kurudi, ama fuma kwa mzunguko, ambako mistari ya kurudi haipo.

Baada ya hapo soma kanuni, na uzisome kwa kidole, neno kwa neno. Mara nyingi hutaka kazi iwe umeifuma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, iwe imekamilika ndani ya muda waliouweka, na iwe haijawahi kushindanishwa hapo. Angalia pia kama unaruhusiwa kitu kimoja tu kwa kila kundi. Makundi ndiyo yaliyonikaanga mimi. Niliwahi kupeleka mwanasesere wa sungura kwenye kundi la vitu vya watoto wachanga, kumbe wanasesere walikuwa na kundi lao ukurasa uliofuata. Aliondolewa mezani hata hajaguswa. Nikikwama siku hizi nawauliza waandaaji mapema.

Ukiwa kwenye kanuni hizo, tazama na namna wanavyotoa zawadi. Pengine kila kundi lina mshindi mmoja wa kwanza, mmoja wa pili na mmoja wa tatu. Pengine kila kazi hupimwa peke yake kwa kiwango kilichowekwa, na hapo watu watano wanaweza kupata utepe wa rangi moja. Kwenye maonyesho ya Marekani utasikia huu ukiitwa mfumo wa Kidenmarki. Ukijua hilo hutashangaa utepe wako ukifanana na wa jirani.

Sasa ncha za uzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia.

Usifunge fundo. Fundo lina tabia ya kuhama, na siku ya mashindano litachomoza kifuani. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa na ufuate njia ileile ambayo uzi wa kitanzi umepita upande wa nyuma: panda nao, zunguka nao, shuka nao. Kwa sentimita 5 hivi fuata mwelekeo mmoja, kisha geuka urudi vitanzi vitatu au vinne. Kwenye ukingo wa kuvutika pita wima, kandokando ya safu moja ya vitanzi. Ukipita kwa upana utauua mvuto wake. Kazi ikiwa na rangi mbili, kila ncha ifiche ndani ya rangi yake. Kabla ya kukata, shika kitambaa kwa mikono miwili ukivute pande zote, ili uzi uchukue nafasi yake. Hapo ndipo uchukue mkasi. Ukikata kwanza ndipo uvute, kincha kitachungulia nje, na jaji atakiona kabla yako.

Njia bora ni kuwa na ncha chache tangu mwanzo. Unganisha uzi mpya pembeni, mahali ambapo mshono utakuja kuzifunika. Kama uzi ni sufu halisi, isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, unaweza kuondokana na ncha kabisa. Zisokotoe ncha mbili ziachane kwa sentimita 5, zipunguze unene, zilaze kiganjani zikipishana, tia mate (ndiyo, mate, ingawa maji nayo yanafaa), kisha sugua viganja kwa nguvu mpaka vipate moto. Unywele wa sufu una magamba madogo, nayo yakipata unyevu, joto na msuguano hushikana yasiachane tena. Pamba na akriliki, uzi ule wa kiwandani usiotoka kwa mnyama wala mmea, hazina magamba hayo. Utasugua mpaka jioni bila faida.

Shingo yangu ilibana kwa sababu nilifunga vitanzi vya mwisho kwa sindano ileile na mkono uleule. Siku hizi hufungia kwa sindano kubwa kwa saizi moja au mbili, halafu napitisha kichwa changu mwenyewe kabla sijakata uzi. Masikio yakikwaruzwa, nafumua.

Vitu vya jozi vina mtego wao. Jaji atalaza soksi moja juu ya nyingine, kisigino kwa kisigino, na atatazama kama vidole vinafikiana. Usitegemee futi, kwa kuwa kitambaa kinavutika na futi itakwambia unachotaka kusikia. Hesabu mistari. Mimi huandika kwenye karatasi: ukingo mistari 20, mguu 60, kisigino kadhaa, wayo kadhaa, na soksi ya pili naifuma nikiifuata karatasi hiyo bila huruma. Niliwahi kupeleka soksi zilizopishana kwa mistari minne tu. Zikiwa mguuni usingejua. Zilipolazwa mezani, hata mtoto aliyepita hapo alizinyooshea kidole.

Kazi ikishakamilika, ioshe. Wengine huiruka hatua hii kwa hofu, ilhali ndiyo inayovifanya vitanzi vikae sawa. Maji yawe ya baridi au vuguvugu kidogo, sabuni laini kidogo, na uiache izame dakika 20 bila kuisugua. Usimwagie sufu maji ya moto na kuikorogakoroga, yale magamba yatafanya kazi uliyoyakataza na sweta ya mtu mzima itamtosha kichanga. Inyanyue kwa mikono miwili ukiibeba chini kama mtoto aliyelala. Ukiikamata mabegani, uzito wa maji utairefusha. Usiikamue kwa kuisokota. Ilaze juu ya taulo, ikunje humo kama mkeka, kisha panda juu ukanyage. Kuna raha yake.

Ilaze bapa kwenye taulo kavu na uchukue futi. Pima mkono wa kulia na wa kushoto, kwapa hadi ukingo kila upande, na upana wa mabega. Isukume kwa vidole mpaka vipimo vilingane. Shali ya matundu ndiyo inayohitaji kuvutwa hasa: ibane kwa pini zisizoshika kutu, nyingi kuliko unavyodhani, ili kila ncha ya ukingo iwe kali. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wale wenye shali nyembamba zinazoweza kupita ndani ya pete ya ndoa, wana fremu za mbao za kuzikaushia, na sweta zao nazo huvalishwa fremu zingali mbichi. Mimi sina fremu. Nina godoro la chumba cha wageni, na mgeni akija wiki hiyo analala sebuleni. Ukingo wa kuvutika usiutanue wala usiubane kwa pini, uache ujikusanye wenyewe. Akriliki iepushe na pasi: joto likizidi, uzi hulala mara moja na hauamki.

Ikikauka, ikague tena dirishani. Nywele za paka, uzi wa taulo, harufu ya moshi au ya dawa ya nondo, yote jaji anayapata. Vifungo vivute kimoja kimoja.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mezani penye kofia 30 hakijiuzi, kinahitaji maelezo mafupi. Kama fomu ina nafasi, andika aina ya uzi, saizi ya sindano, na kama umefuata mchoro wa mtu au umeubuni mwenyewe. Ambatisha na lebo ya uzi au kijipande chake ikiwa wanaruhusu. Sifa usijimwagie. Jina lako nalo libaki kwenye sehemu ile tu wanayoikunja au kuificha.

Piga picha mbili, mbele na ndani, kabla ya kuikabidhi. Ipeleke ikiwa imekunjwa juu ya karatasi laini, ndani ya mfuko usio na maandishi, na utunze kipande cha fomu wanachokurudishia, kwa kuwa bila hicho utabishana sana siku ya kuchukua. Kumbuka pia kwamba siku ya mwisho ya kujiandikisha mara nyingi huwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kupeleka kazi. Hesabu ukirudi nyuma: siku tatu nne za kukauka, wiki nzima ya ncha na vifungo. Mimi hujikataza kufuma mstari wowote mpya ndani ya siku 14 za mwisho, na kila mwaka nalivunja katazo hilo kwa kitu kidogo.

Siku ya kuchukua, isome kadi ukiwa hapohapo, jaji akiwa bado yupo. Wengi wao ni wafumaji na hufurahi kuulizwa. Yule wa sweta ya kijivu nilimfuata mlangoni, akaishika shingo, akanionyesha mstari wa kuifumulia. Niliifumua usiku uleule. Mwaka uliofuata sikuweza kuipeleka, kanuni hazikuruhusu, kwa hiyo naivaa, na kichwa kinapita.