Ufa juu ya nyumba
Ndugu zangu wa Bududa, mashariki mwa Uganda, na miteremko yote ya Mlima Elgon, mvua ikishanyesha siku kadhaa mfululizo, mpate kutazama mteremko ulio juu ya nyumba. Ufa uliojipinda kama mwezi mchanga katikati ya migomba au kahawa ni dalili mbaya: maji hupenya humo hadi kwenye tabaka la udongo wa mfinyanzi, likalainika, kisha udongo wote wa juu ukateleza kwa pamoja. Kuufukia kwa jembe hupunguza maji tu, mlima haurudi mahali pake. Miti iliyoinama, milango iliyoanza kukwama, chemchemi iliyogeuka tope ghafla? Hameni kabla giza halijaingia. Kijijini Nametsi, huko Bududa, Machi 1, 2010, ardhi iliporomoka jioni, mvua ikinyesha.