Dar hadi Mwanza kwa ndege: mambo ya kuzingatia kabla

Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam na Mwanza zimeachana kama kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya 1,100. Aliyezoea kukesha kwenye basi akisikia ndege hutumia saa moja na nusu huona ni kufumba na kufumbua, akapanga kikao Mwanza saa mbili tu baada ya ndege kuruka. Hapo ndipo anapoumbuka.

Angalia kwanza aina ya ndege. Jeti huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, lakini ukijumlisha kupanda, kushuka na kutembea uwanjani, safari huchukua saa 1 na dakika 20 hadi 30. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 huenda karibu kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo hesabu kama saa 2. Ikipitia Kilimanjaro au Dodoma ndiyo kabisa. Tiketi ya bei poa huweza kuwa ndiyo hiyo yenye kituo katikati.

Soma saa kwa makini, maana tiketi haijui saa zetu. 06:00 ni saa 12 asubuhi, na 12:00 ni saa 6 mchana. Inayoponza zaidi ni 00:40 ya tarehe 12: hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku, na uwanjani unatakiwa uwe umefika usiku wa tarehe 11. Wapo wanaotokea usiku wa tarehe 12, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Fika uwanjani saa 2 kabla ya ndege kuruka. Kaunta hufungwa mapema, na kuwa na tiketi mkononi hakuifungui. Uwanja wa Julius Nyerere uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, ila anayetoka Tegeta au Kigamboni jioni ahesabu foleni, asihesabu kilomita. Hakikisha pia jina kwenye tiketi linafanana na la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Msimu wa mvua, radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri. Rubani anaweza kuzunguka akisubiri, au kwenda kutua kwingine. Mwenye jambo lisiloahirishika asafiri siku moja kabla.

Ukitua Mwanza, mjini ni kama kilomita 10. Wa Sengerema na Geita sasa wanavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, bila kusubiri kivuko. Wa Ukerewe aulize kwanza ratiba ya meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, ndipo anunue tiketi ya ndege. Akikosea mpangilio atalala hoteli.

Mzigo: mara nyingi ni kilo 23 chini na 7 mkononi, ila tiketi za bei ya chini huweza kupunguziwa. Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na mpaka wa kawaida ni Wh 100. Wakati wa kurudi, sato wagandishwe mpaka wawe kama jiwe, wafungwe tabaka mbili, ndipo waingie kwenye boksi lisilovuja. Boksi likianza kudondosha maji kaunta, halipokelewi.