Kambi ya vijana Usukumani: ngitili kwanza, miche baadaye

Kambi nyingi za mazingira hufanyika Juni, shule zikifungwa, na karibu zote hupanda miti. Mwanza Juni ni kiangazi. Mvua hazirudi hadi Oktoba au Novemba, na mche usiomwagiliwa hautazifikia. Fundisheni ngitili na kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki vilivyopo hadi yawe miti.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza, wakayafungua kiangazi nyasi zikiadimika. Wiki tatu kabla, mwoneni mtendaji wa kijiji na wazee, mwombe sehemu, hata ekari 2. Wafugaji jirani wawepo kwenye kikao. Wasiposhirikishwa, mbuzi watamaliza machipukizi mara tu mkiondoka.

Vijana 24 na wazee 4 wanatosha kwa siku 4. Wawili kati ya wazee wawe akina mama, maana habari za kuni na dawa wanazo wao. Kosa la kawaida ni kumwita mzee afungue kambi, kisha kumrudisha nyumbani na soda. Atembee na vijana porini kuanzia saa 1 asubuhi, ataje jina la kila mti kwa Kisukuma na kazi yake.

Kwenye kisiki kinachochipua, bakizeni machipukizi 2 hadi 5 yaliyonyooka. Mengine yakateni kwa msumeno au kisu kikali, mkato wa mshazari maji yasituame. Panga butu huchana gome, na ugonjwa huingilia hapo. Pogoeni matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu tu; ukizidisha, shina huinama kwa upepo. Fungeni kitambaa cha rangi, apitaye ajue mti una mwenyewe.

Siku ya ziwani, hofu kubwa ni kichocho. Hakuna kuoga wala kukanyaga maji, hasa saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, vimelea vinapotoka kwa wingi kwenye konokono. Waulizeni wavuvi mamba hukaa wapi. Magugu maji yavuteni kwa reki ndefu mkiwa nchi kavu, myarundike mbali, mawimbi yasiyarudishe. Kisha pimeni kwa kamba mita 60 kutoka ukingoni, zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Vijana wajionee mashamba yaliyoingia ndani.

Jioni ya mwisho wagawanyeni Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana, kila upande utunge wimbo wa masharti ya ngitili ile. Wacheze kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, kama kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora karibu na Mwanza: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Majaji hawahitajiki, ila kijiji kizima kialikwe, wale wafugaji wakiwa wa kwanza.