Namna ya kutunza siri za washiriki wa utafiti katika kata ndogo

Chukua utafiti wa washiriki 60 wanaotumia dawa za kufubaza VVU katika kata yenye zahanati moja. Umeondoa majina, lakini kwenye dodoso kumebaki "mwanamke, miaka 47, mwalimu," na jina la kijiji. Wanakijiji watamtambua kabla hawajamaliza kusoma mstari huo. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alionesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsi na msimbo wa posta vilitosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Kijijini hata tarehe haihitajiki. Kazi na umri vinatosha.

Namba kabla ya watu

Namba ya mshiriki isitokane na herufi za jina lake, simu yake, namba ya kadi ya kliniki wala mpangilio wa nyumba. Kwenye Excel andika =RANDBETWEEN(1000,9999), ambayo hutoa namba yoyote bila mpangilio kati ya hizo mbili, shusha safu mpaka upate namba 80 (20 za akiba), ondoa zinazojirudia, kisha zinakili na uzibandike kama thamani tupu. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, namba zitabadilika kila faili linapokokotoa upya, na utapoteza uhusiano kati ya mtu na majibu yake.

Orodha inayounganisha namba na majina ndiyo hatari kuliko vyote. Ifungwe kwa nenosiri katika programu kama VeraCrypt, isikae kwenye kompyuta yenye majibu, na wawe na nenosiri watu wawili tu. Kama hutarudi kwa mshiriki mara ya pili, jiulize kama unaihitaji kabisa.

Fomu za ridhaa zina jina na sahihi, kwa hiyo ziwe na bahasha yake na kabati lake lenye kufuli. Kosa linalorudiwa sana ni msaidizi wa utafiti kubana fomu na dodoso pamoja kwa stepla jioni, kwa nia njema kabisa, ili karatasi zisipotee. Mwambieni hilo siku ya mafunzo, na mueleze sababu.

Kuingia kijijini

Huwezi kumkwepa mtendaji wala mwenyekiti wa kitongoji, na si vizuri kuwakwepa. Tatizo ni mwenyekiti kukusindikiza mpaka mlangoni: tayari anajua nani amehojiwa, na utafiti unahusu nini. Mwombe aitambulishe timu kwenye mkutano kwa jina pana, kwa mfano "utafiti wa afya ya familia", kisha abaki ofisini. Mshiriki mwenyewe aelezwe mada kamili faraghani, kabla ya kutoa ridhaa.

Kwa utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake, Shirika la Afya Duniani linashauri kuhoji mwanamke mmoja tu katika kila kaya. Uwe pia na maswali ya akiba kuhusu maji au lishe. Mume, mkwe au mtoto mkubwa akiingia, mhoji anahamia kwenye maswali hayo bila kubadilisha sauti.

Usiahidi usiri usio na mipaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamtaka mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mshiriki alisikie hilo kabla ya kuanza kusimulia. Kwenye majadiliano ya kikundi sema wazi kwamba timu itatunza siri lakini haiwezi kuwazuia wanakikundi wengine kusema, na wape namba za kuitana badala ya majina.

Malipo na simu

Hapa siri huvuja zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mhasibu anataka orodha ya nauli yenye majina, simu na sahihi, na juu yake mtu ameandika "Malipo ya washiriki wanaoishi na VVU". Kichwa kiwe namba ya mradi tu. Ukituma kwa simu, hakikisha jina la mtumaji halitaji ugonjwa. Ujumbe ule husomwa na yeyote anayeshika simu ya nyumbani.

Kwenye simu za kukusanyia data, zima hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe, na usirekodi GPS ya nyumba kama uchambuzi hauihitaji. Hata tafiti za DHS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya) husogeza alama za maeneo kabla ya kuzitoa: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na chache za vijijini hadi 10. Sauti ianze kwa namba ya mshiriki, kamwe si jina. Kurekodi kwa WhatsApp kusikubaliwe, kwa kuwa nakala hubaki kwenye simu zote mbili.

Kabla ya kutoa ripoti

Safu iliyofichwa kwenye Excel haijafutwa. Anayepokea faili ataifungua kwa mibofyo miwili. Vivyo hivyo maneno yaliyofunikwa kwa rangi nyeusi kwenye PDF mara nyingi hunakilika. Futa, kisha hifadhi faili jipya.

Kwenye majedwali, kisanduku chenye watu chini ya 5 kiunganishwe na kingine. Ukificha wanaume 2 lakini ukaacha wanawake 22 na jumla 24, hujaficha kitu. Ni hesabu ya kutoa tu. Nukuu ziwe na "mwanamke, miaka 40–49, mwajiriwa", bila kijiji. Soma kila nukuu pamoja na msaidizi anayetoka eneo hilo, kwa sababu msemo ambao mtu mmoja tu huutumia humtaja waziwazi kuliko jina lake.

Tarehe ya kuharibu orodha ya majina na sauti iandikwe kwenye pendekezo la utafiti, pamoja na cheo cha atakayefanya hivyo. Siku ikifika, afute nakala zote, pamoja na zile za kadi za kumbukumbu na kapu la taka la simu, kisha asaini.