Jinsi ya kuacha mkorogo ukiwa na bwana mdogo kwako

Hii nawaandikia wadada wa arobaini kwenda juu mlio na bwana mdogo, yule watu wanaomwita kibenteni, na mnajichubua ili msionekane mama yake. Mapenzi yenu mie sina neno nayo, mtu mzima na mtu mzima mwenzie wamependana basi. Ishu ni lile kopo lisilo na lebo, dada wa dukani anakamulia tyubu mbili tatu humo, anamimina na maji ya chupa ambayo hata yeye hajui ni nini, anakoroga na kijiti, anakwambia wiki mbili tu shosti utaniletea majibu.

Kwanza jua unapaka nini. Kama maboksi unayo soma yale maandishi madogo. Ukikuta hydroquinone, hiyo ndo inayokata rangi, na ukiipaka muda mrefu inaweza kukugeuzia mashavu yakawa meusi ya kibluu, sasa wengi wakifika hapo wanadhani jua limewaunguza wanaongeza krimu, ndo wanazidi kuharibu. Clobetasol au betamethasone ni steroidi, dawa ya hospitali kabisa, inafanya ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani na kwapani, hata kidonda kinagoma kupona. Mercury au calomel ni zebaki, hiyo inakula figo, na mtoto wako anaweza kuipata kwa kutumia taulo lako tu. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana vipodozi vya zebaki viishe kabisa ifikapo 2025, lakini madukani unaweza kukutana navyo bado.

Zebaki na hydroquinone acha leo leo. Steroidi ni habari nyingine, kama umejipaka mwili mzima kwa muda mrefu usikate ghafla bila daktari, maana mwili unakuwa umeshazoea kuletewa na wenyewe umelegea kutengeneza homoni zake, ukianza kutapika, kizunguzungu na kuishiwa nguvu wahi hospitali usisubiri kesho. Nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi. Beba makopo yote hata kama unaona aibu, na uombe wakupime presha, sukari na figo.

Halafu jiandae, uso unaweza kuwaka, kuwa mwekundu na kutoka vipele kwa wiki kadhaa au hata miezi. Hapo ndo wengi wanarudi kwenye kopo. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato, asubuhi sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, ya SPF 30 au zaidi, kofia au mtandio ukitoka, na achana na limao, dawa ya meno na kusugua sugu za vidole kwa jiwe.

Bwana mwambie kabla rangi haijaanza kurudi, usingoje aulize. Mchana mkiwa mmetulia, sio usiku kitandani: "Baba, naacha mkorogo, nitabadilika uso kwa muda na rangi yangu itarudi, nataka uijue kwangu." Basi, usiongeze maelezo ya umri wala vile visichana vinavyomlaiki picha, hukuulizwa. Akisema yeye alipenda weupe, muulize figo zikifa, dialisisi ya kusafisha damu kwa mashine atalipia nani. Wengine mtashangaa atasema alikuwa anaogopa kukwambia uso Fanta vidole Coca. Mawifi wakisema umechakaa jibu moja tu, natibu ngozi, na ukipiga picha toa filta ili macho yako yaanze kuizoea hiyo sura.

Makopo yaliyobaki usimpe mdogo wako wala usiuze kwenye grupu. Yafunge kwenye mfuko mgumu, yaweke mbali na watoto, na siku ya kliniki uliza pakuyaacha.