Bima ya gari la umeme Mtwara: anza na betri, bei itafuata

Mimi ni fundi umeme, naishi Chikongola. Natumia Nissan Leaf ya 2015, ile ya betri ya kilowati saa 24. Watu wakinisimamisha barabarani huuliza kwanza inakwenda kilomita ngapi, halafu bima yake nalipa shilingi ngapi. Hilo la pili ndilo ninalolijibu hapa, maana nimeona wenzangu wawili wakilipa zaidi ya nilivyolipa mimi na bado betri zao hazimo kwenye mkataba.

Bima ndogo, ile ya thedi pati, haijali gari linatumia mafuta au umeme. Kwa gari binafsi nililipa 118,000, kodi ikiwa ndani. Inamlipa uliyemgonga, wewe hupati kitu. Kama gari lako ni la thamani ndogo na huna mkopo benki, hiyo inaweza kukutosha.

Kazi ipo kwenye bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe. Hii hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari ni milioni 20. Kwa asilimia 3.5 ni 700,000, ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 126,000, jumla 826,000. Wakala wa kwanza niliyemwendea, binti mmoja mpole, aliniambia, "Kaka, hili la umeme hatulijui, tuliweke asilimia tano tu." Hapo inakuwa 1,180,000. Tofauti ni 354,000, hela ya kulipia fundi na matairi. Sikugombana naye. Nilimwomba anionyeshe mahali palipoandikwa kwamba la umeme ni asilimia tano. Hapakuwepo, ilikuwa hofu tu. Nilikwenda kwa dalali wa bima, akauliza kampuni tatu, ikapatikana ya 3.5. Kwa hiyo usikubali bei ya kwanza, na usiende kampuni moja ukarudi nyumbani.

Sasa thamani yenyewe. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto letu la Novemba hadi Machi linaichosha. Gari mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zinaweza kupishana bei kwa mamilioni kwa sababu ya betri tu. Washa gari, tazama upande wa kulia wa dashibodi: kuna vipande vidogo vinavyoonyesha uwezo wa betri, vikiwa vizima ni 12. Vyangu vilikuwa 9 siku nilipokata bima. Halafu nilichomeka kile kifaa kidogo cha kusomea gari chini ya usukani, nikafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, nikapiga picha asilimia ya uzima wa betri pamoja na tarehe. Picha hizo nilimtumia wakala kwa barua pepe, siyo WhatsApp, ili zibaki.

Ukitaja thamani kubwa kuliko ya kweli unalipa bure, kwa sababu gari likipotea utalipwa bei ya soko ya siku ile. Ukitaja ndogo ili ulipe kidogo, ni hatari zaidi. Gari la milioni 20 ukiliandikisha milioni 10, ukapata hasara ya milioni 4, wanaweza kukulipa nusu, milioni 2, na hapo bado hawajakata kile kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe.

Picha zile ziliniokoa. Nilikuwa natoka Msimbati, mchanga umeficha jiwe, nikasikia kishindo chini ya miguu. Gari likatembea kama mita mia mbili, taa ya njano ikawaka, likazima. Betri ya Leaf imelazwa chini ya sakafu, kwenye sanduku la chuma, na sanduku lilikuwa limebonyea sehemu ya upana wa kiganja. Mkadiriaji hasara alipokuja aliandika "hitilafu ya umeme". Maneno hayo yangenifukuza kabisa, kwa sababu mkataba haulipi hitilafu ya umeme wala kuchakaa. Niliinua gari kwa jeki, nikamwonyesha bonyeo na rangi ya jiwe iliyobaki kwenye chuma, nikamfungulia picha za kabla. Ripoti ikabadilika kuwa ajali. Betri ile ina moduli 48, yaani visanduku vidogo vya chaji vilivyopangwa pamoja, zilizoumia zilikuwa nne, basi dai likawa la moduli, siyo la betri nzima. Wakalipa.

Kwa hiyo kabla hujalipa, omba maandishi haya: kwamba betri ni sehemu ya gari na inalipwa ikigongwa, ikiungua au ikiibwa. Kebo ya kuchajia itajwe kwa jina, mara nyingi wanaihesabu kama mzigo wako binafsi. Uliza kuhusu umeme unaoruka ukiwa unachaji nyumbani. Uliza mafuriko kwa neno hilo hilo, mafuriko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Dar mpaka Lindi pale Somanga, na gari lililozama maji ya chumvi betri yake haina maana tena.

Na brekidauni. Leaf inasukumwa na magurudumu ya mbele, ukiivuta yakiwa chini unaharibu mota. Ibebwe juu ya lori, au angalau magurudumu ya mbele yainuliwe. Fundi wa betri kwangu yuko Dar es Salaam, kilomita 560 hivi, na mkataba wangu wa kwanza ulikuwa na kikomo cha kuvutwa ambacho kisingefika hata Lindi. Nikaomba kiongezwe, nikalipa kidogo juu. Uliza pia gari likiwa juu ya lori kama mzigo, nani anailipia likianguka. La kwangu lililetwa hivyo hivyo kutoka Dar, bila mimi kujua kuwa siku zile mbili halikuwa na bima yoyote.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima nchini, siku hiyo hiyo, uone kama bima yako imesajiliwa. Isipoonekana, au isipolingana na uliyolipia, rudi kwa wakala kabla hujawasha gari. Wakikunyima fidia bila sababu ya maandishi, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kila mwaka rudia kusoma betri kabla ya kuhuisha. Vipande vikishuka, thamani ishuke pia, na wewe ulipe pungufu. Kama uko Mtwara mjini na huna kifaa cha kusomea, njoo Chikongola jioni baada ya saa kumi na moja, ninacho, nitakusomea bila malipo.