Faili la Word halipungui ukilizipu? Shughulikia picha

Faili la .docx lenyewe tayari ni zipu (faili lililobanwa ili lipungue ukubwa) kwa ndani, ndiyo maana ukilizipu tena hupati nafuu ya maana. Uzito huwa kwenye picha. Kwenye Word ya kompyuta bofya picha yoyote, fungua Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa tiki ya "Apply only to this picture", ile ya kufuta sehemu za picha zilizokatwa iache na tiki yake, chagua 150 ppi (idadi ya nukta za picha kwa kila inchi), halafu hifadhi kwa jina jingine, maana picha ikishapunguzwa hairudi. Hati ya kupeleka kwa mchapaji usiishushe hivyo, picha zitatoka na ukungu. Hati yenye maandishi matupu haitapungua kwa njia hii. Mafaili ya zamani ya .doc ni tofauti: hayo zipu huyabana vizuri.